Mtoto Ajua Fola, Hajui Gunzi

JE, mzazi, umewahi kumsikia mwanao akiimba majina ya malipo kama kasuku? Nauli ni malipo ya safari, karo ni ya masomo, fola ni zawadi ya kumwona mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Akimaliza hapo arukia vikembe: ndama, kinda, kitungule. Nawe unatabasamu, ukidhani Kiswahili kimemwiva.

Sasa mpeleke mtoto huyo huyo kwa nyanya yake Moi's Bridge, likizo ya Desemba. Mahindi yamevunwa, yamejaa uani. Nyanya amwambia, "Mjukuu wangu, niletee magunzi nikoleze moto." Mtoto anaduwaa. Magunzi yamemzunguka, tena moja amelikanyaga, lakini jina hana.

Usimlaumu. Orodha zile zilitungwa kwa ajili ya mtihani. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini vijitabu vya misamiati vingali mikobani mwa watoto, na neno lililokaririwa bila kuonwa hujitokeza kwenye insha kama kiraka chekundu juu ya kanzu nyeupe.

Moi's Bridge uko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kando ya mto Nzoia. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey aliyejenga daraja hapo. Mnandi, Mbukusu na Mkikuyu hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho wanachouziana nacho. Wanaodai lugha hii ni ya pwani tu wamsahau marehemu Ken Walibora, aliyekulia Cherang'any, si mbali na hapa, akaandika riwaya ya Siku Njema iliyotoka mwaka 1996.

Basi anza na hilo hindi. Mmea una bua, na kileleni mna mbelewele. Hindi huvuliwa maganda, kisha hupukuchuliwa. Punje huanguka, gunzi likabaki. Punje zikikobolewa hutoa wishwa, zikikaangwa zikapasuka huwa bisi. Githeri unayoipenda, msomaji, nayo ina jina lake la Kiswahili: pure. Mpe mtoto ungo apepete, uone kama atasahau neno "pumba" likishamwingia machoni! Na nyanya akisema bandek au mbembe kwa lugha ya nyumbani, usimkataze. Mtoto mwenye neno la kwanza ana mahali pa kulishikiza la pili.

Sokoni kuna vipimo. Gunia ni la kilo 90, gorogoro ni kama kilo mbili, halafu kuna debe. Hapo ndipo mtoto atakapouliza kile kibaba kinachojazwa na haba na haba ni kikubwa kiasi gani. Mwambie vibaba vinne ni pishi moja.

Jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza ni kwamba maneno ya Kiswahili yana ukoo. Kutoka kwa "lima" mtapata mkulima, kilimo, limia, limisha. Kutoka kwa "pima" mtapata kipimo, mpimaji, pimana. Shindaneni baada ya chakula cha jioni, na anayekosa aoshe vyombo, hata kama ni baba.

Kamusi nayo inataka mafunzo. Mtoto akitafuta "yamepukuchuliwa" kwenye herufi Y atakata tamaa, aifunge asiiguse tena. Mwonyeshe kuvua viambishi mpaka abaki na "pukuchua". Akitaka "kuta", aende kwa "ukuta". Neno akilipata, aliandike daftarini ndani ya sentensi yake mwenyewe, wala si maana peke yake.

Nanyi mlio Nairobi msio na shamba, matatu ina utingo, abiria na nauli. Seremala wa mtaani hudai arubuni kabla hajagusa mbao. Lipa ukiwa na mtoto, umtajie.

Siku mtakapovuka Nzoia mkielekea Kitale, mwulize daraja ni nini. Akijibu kwamba ni kitu cha kuvukia mto, mwulize basi mchezaji wa daraja la kwanza amesimama juu ya mto gani.