Fahamu: Msaidizi wa akili unde kwa kazi zinazojirudia

Msaidizi maalumu wa akili unde ni programu ya mazungumzo iliyopewa maelekezo ya kudumu na nyaraka za kazi moja, ili mtumiaji asianze kueleza upya kila siku. Novemba 2023, OpenAI iliwaruhusu wateja wa kulipia wa ChatGPT kujiundia wasaidizi hao bila ujuzi wa kuandika programu.

Kwa karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao) katika eneo kama Hanga, mkoani Ruvuma, Tanzania, ambako ufuta na mbaazi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kazi inayofaa ni ile yenye umbo lilelile: tangazo la mnada, muhtasari wa mkutano, maelezo ya makato. Maelekezo hutaja kazi, lugha, mpangilio wa jibu na mipaka. Kisha huongezwa waraka husika na mfano wa tangazo lililoandikwa vizuri. Mara nyingi mfano huo husaidia kuliko maelezo marefu. Msaidizi hujaribiwa kwanza kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana, kwa sababu programu hizi zinaweza kubuni takwimu na kuzieleza kwa uhakika mkubwa. Hesabu ya fedha ya mkulima lazima ihakikiwe na mtu.

Majina na akaunti za wakulima zisiingizwe ovyo: zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.