Volani inayoshuka yenyewe: kutengeneza nguzo ya volani iliyochoka

Mara nyingi tunawaandikia juu ya mbegu, ugonjwa wa mosaike ya muhogo na namna ya kuweka maharagi katika depo. Safari hii tunaandika juu ya volani ya gari. Sababu ni moja: koperative nyingi za Nyangezi ziko na gari moja tu, na gari yenyewe ni mzee.

Katika saizoni B, kamyoneti ya koperative moja ilikuwa inashuka Ngomo kwenda Kamanyola. Ndani kulikuwa magunia ya maharagi, na juu ya magunia wamama wawili (hiyo nayo tutaiandikia siku ingine). Kwenye kona moja gari iliruka shimo, na volani ikaanguka paka juu ya mapaja ya shofere. Haikukatika, magurudumu yalikuwa yanaisikia bado, lakini mikono yake haikuwa na nafasi ya kuzungusha na goti halikuweza kupanda vizuri kwenda kwenye breki. Alifaulu kuiegemeza gari upande wa mlima. Upande mwingine kila mtu anayepita RN5 anaujua. Hakuna aliyeumia.

Tulipofika kuangalia, tulikuta manete ya volani imefungwa na kipande cha shambriere, ule mpira wa ndani ya tairi. Shofere alisema: "Iko hivi tangu mwaka uliopita, komite inajua." Komite ilikuwa inajua kweli.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Kwenye magari mengi ya Toyota na Mitsubishi tunayotumia huku, volani inaweza kupandishwa na kushushwa ili mtu mfupi na mtu mrefu wote waendeshe vizuri. Nguzo ya volani inajikunja kwenye buloni mbili zilizo kama bawaba ya mlango. Karibu na magoti ya shofere kuna manete. Ukiifunga, inakaza nguzo kwenye kibati chenye tundu refu, au inaingiza meno ya chuma ndani ya meno mengine. Kuna pia resori inayobeba uzito wa volani. Na kwa kuwa nguzo inajikunja, ndani yake au chini yake kuna kadani ndogo inayopitisha mzunguko hata kama fimbo haijanyooka.

Vyote hivyo vinachoka. Barabara yetu ya mawe inavichokesha haraka, na tena mashofere wengi wanashika volani na kujivuta nayo wakati wa kupanda ndani ya gari. Kila siku, mara kumi, kilo sabini zinaning'inia pale.

Kabla ya kufungua kitu, tafuta ugonjwa uko wapi. Simamisha gari pa tambarare, zima moto, lakini ufunguo ubaki mahali ambapo neimani haifungi volani. Shika volani kwa mikono miwili, kushoto na kuume, halafu isukume juu na chini, kisha pembeni, bila kuizungusha. Ikicheza hivyo, shida iko kwenye nguzo: buloni zinazoishika chini ya tablo, buloni za bawaba, au manete. Sasa izungushe kidogo kidogo, huku mwenzako amelala chini akiangalia magurudumu. Kama unazungusha na magurudumu hayasikii mara moja, shida inaweza kuwa kadani, bwata ya direksiyo au rotile. Ni magonjwa mawili tofauti. Tumeona koperative inanunua rotile mpya mbili kwa ajili ya volani iliyokuwa inacheza juu na chini. Pesa ilitoka, volani iliendelea kucheza.

Kuhusu resori pia watu wanakosea. Ukifungua manete na volani ikaanguka kama jiwe, resori imekatika au imechoka. Hiyo inasumbua, lakini peke yake haiangushi volani njiani. Inayoangusha njiani ni kifungio kisichoshika. Kwa hiyo usiridhike na kubadilisha resori.

Kwa kazi yenyewe, anza kwa kutoa waya wa hasi kwenye bateri. Kama kwenye volani kumeandikwa SRS au Airbag, usiendelee mwenyewe. Mfuko ule unapasuka kwa nguvu ya kuvunja mkono au uso, na ni kazi ya fundi aliyejifunza. Magari mengi ya zamani hayana. Toa plastiki za chini ya tablo, safisha vumbi na gresi ya zamani, na chukua tochi nzuri. Buloni zinazoshika nguzo kwenye bodi ndizo za kwanza kujaribu na ufunguo. Mara nyingi ugonjwa wote unaishia hapo, na kazi haigharimu kitu.

Kama ziko sawa, angalia manete. Ile ya aina ya kukaza ni rahisi kuipima: ifunge mpaka mwisho. Ikifika mwisho wa njia yake na nguzo bado inacheza, ekru ya ndani imelegea au kibati kimelika. Unatoa manete, unakaza ekru kidogo, unairudisha manete ili ianze kukaza mapema zaidi. Usikaze sana mpaka ikatae kufunguka. Usitie gresi wala mafuta mahali pale vibati vinapobanana, kwa sababu kushika kwake kunatoka kwenye ukavu. Gresi ni ya bawaba, na kidogo tu.

Ile ya meno ina hadithi nyingine. Meno yakishakuwa ya mviringo, hayashiki tena. Mafundi wengine wanayachonga upya kwa lima (tumewaona wakifanya hivyo), na kwa wiki mbili yanashika, halafu yanaachia bila kutoa habari. Badilisha vipande vyote viwili pamoja, kwa sababu jino jipya likikaa juu ya jino la zamani litalika upesi.

Kwa bawaba, toa buloni moja moja uangalie tundu. Ndani kuna bage ndogo ya plastiki au ya bronzi. Mafundi waliojifunzia Kenya wanaiita bushi, jina linalochekesha sana kwetu sisi wa Bushi. Bage ikiwa imekwisha, Bukavu kuna mafundi wa turi wanaoweza kukereza ingine ya bronzi. Wapelekee bage ya zamani pamoja na buloni yake, siyo bage peke yake. Kama buloni nayo ina kidonda katikati, iende. Weka yenye alama 8.8 kichwani. Buloni isiyo na alama yoyote, ile ya kufungia viti na meza, usiiweke kwenye volani.

Ikibidi kutenganisha nguzo na kadani, piga alama ya rangi kwenye vyote viwili kwanza, ili virudi vilivyokuwa. Bila alama, volani itakaa upande na shofere ataendesha kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Kadani ikitoa "tak, tak" unapozungusha polepole, isitengenezwe, inunuliwe ingine.

Sasa neno juu ya kuchomelea. Fundi wa kuchomelea yuko karibu, bei yake ni ndogo, na atakuambia: "Tuipige moto, haitacheza tena." Ni kweli haitacheza. Lakini nguzo ya volani imetengenezwa ijikunje au ijisukume ndani wakati gari inagonga, ili isiingie kifuani mwa shofere. Marekani ililazimisha ulinzi huo kwenye magari mapya tangu 1968, na watengenezaji wa Japani nao waliufuata. Ukiichomelea, umeigeuza kuwa mkuki. Moto unachoma pia waya za honi na za kuwashia gari zinazopita pale, na unalainisha chuma cha jirani. Hata nyundo kubwa haifai kwa sababu hiyo hiyo: ndani kuna vipini vidogo vya plastiki vinavyokatika kwa kupigwa.

Kama piese haipatikani na mavuno yako njiani, kuna njia moja ya kungoja tunayoikubali, kwa ile aina ya kukaza tu. Toa manete, weka volani mahali ambapo shofere anaona saa zote za tablo na magoti yake yanapita, halafu kaza kibati kwa buloni ya 8.8 yenye unene uleule na ekru yenye nailoni ndani, kupitia tundu lililokuwepo. Usitoboe tundu jipya: msumari wa mashine unaweza kufika kwenye fimbo ya ndani. Volani haitapanda wala kushuka tena, lakini itashika. Gari iende hivyo kwa polepole mpaka piese ifike.

Kununua nguzo nzima ya okazio Bukavu ni vizuri pia, na mara nyingine ni rahisi kuliko kutafuta vipande. Angalia kwamba imetoka kwenye gari ya aina na miaka ile ile, na ya upande ule ule. Sisi tunaendesha kuume kwa barabara, lakini magari yetu mengi yametoka Japani na volani yao iko kuume, na nguzo ya gari ya volani ya kushoto inaweza kukataa. Ijaribu palepale dukani: funga manete, egemea kwa uzito wako wote, sikiliza.

Ikisharudishwa, jaribu kabla ya kuondoka. Zungusha volani mpaka mwisho pande zote mbili, ukiangalia kama hakuna waya inayovutwa. Piga honi, washa taa. Funga manete na uvute kwa nguvu. Halafu zunguka Munya bila mzigo, siyo Ngomo. Baada ya wiki moja ya mawe, kaza buloni zote tena.

Ile kamyoneti ilitengenezwa kwa siku mbili: bage mbili za kukereza, buloni mbili, na manete iliyowekwa upya. Komite imenunua kaye ambayo shofere anaandika kila jioni kitu kinachocheza, na mwenye kashe anatia sahihi kwamba amesoma. Kwenye ukurasa wa kwanza kumeandikwa breki ya mkono. Tutarudi kuiangalia mwezi ujao.