SUMAKU NA KIHARUSI: UKWELI UNAOMPASA ASKARI KUUJUA

Kiharusi hakiheshimu cheo. Humpata koplo kama kimpatavyo kanali, na mtu aliyekuwa akibeba bunduki bila taabu huweza kushindwa hata kufunga kifungo cha shati lake. Hapo jamaa huanza kutangatanga wakitafuta tiba, na wauzaji wa bangili na mikanda ya sumaku hupata wateja. Yafaa basi ndugu wanajeshi na polisi wafahamu sumaku yaweza nini, na haiwezi nini.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama mshipa wa damu unapopasuka ndani yake. Kwa kuwa ubongo wa kushoto huamrisha viungo vya kulia, na wa kulia huamrisha vya kushoto, jeraha la upande mmoja hulemaza upande wa pili wa mwili. Mkono wenyewe haukujeruhiwa. Kilichoharibika ni makao makuu na njia ya kupitishia amri.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha binadamu. Waliweka koili ya waya kichwani, wakapitisha mkupuo wa umeme wa muda mfupi mno. Nguvu ya sumaku ilipenya fuvu bila kupasua, ikaamsha ubongo, na misuli ya mkono ikashtuka.

Tangu hapo matabibu wamejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kuuchochea upande uliojeruhiwa kwa mapigo ya haraka. Ya pili ni kuutuliza upande mzima kwa mapigo ya polepole, moja kila sekunde, ili usiuelemee ule uliodhoofika.

Njia hiyo ya pili ilipimwa nchini Marekani kwa wagonjwa 199 katika vituo 12, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wote walifanyishwa mazoezi ya mkono. Baadhi walipewa sumaku ya kweli, wengine ya kuigiza. Baada ya miezi 6, asilimia 67 ya waliopata ya kweli walikuwa wamefikia nafuu iliyotazamiwa. Kwa waliopata ya kuigiza, ilikuwa asilimia 65. Tofauti hiyo si ya kujivunia. Majaribio mengine, yaliyo madogo, yameonyesha faida, na uchunguzi ungali unaendelea. Lakini jambo moja ni dhahiri: makundi yote mawili yalifanya mazoezi, na katika yote mawili wengi walipata nafuu.

Ikiwa koili yenye nguvu namna ile bado inatafuta ushahidi, bangili ya sokoni itajitetea kwa lipi? Sumaku yake haibadiliki, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi ya koili. Fedha za kiinua mgongo zisipotezwe huko.

Pia kuna hatari inayowahusu askari hasa. Mwenye kipande cha risasi au cha bomu kichwani, mwenye chombo cha kuendeshea moyo, au mwenye kifafa, hana budi kumweleza daktari kabla ya kukaribia mashine hiyo, kwani yaweza kumdhuru.

Kinga ingali bora. Shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na aghalabu halina dalili. Lipimwe mara kwa mara. Mwenzako akipinda uso ghafla, akalegea mkono au akashindwa kusema vizuri, mpeleke hospitali saa ile ile, usingoje kupambazuke. Na akirudi nyumbani, mhimize kuutumia mkono uliolegea kila siku: kushika kikombe, kufungua mlango, kufunga vifungo. Kuruta hakujifunza gwaride kwa siku moja. Na ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia vivyo hivyo.