Metali Iliyomo Damuni Si Lazima Iwe Uchafu

Mwaka 1911 mkemia Mjerumani Martin Henze, akiwa Naples, Italia, alipasua kwa maji seli za damu za Phallusia mammillata, mnyama laini kama kifuko anayejibandika mwambani na kuchuja maji apate riziki. Mchanganyiko ukageuka hudhurungi. Ndani yake mlikuwa na vanadi, metali ambayo viwandani hutiwa kwenye feleji ili iwe imara. Kwa kuwa damu yetu hubeba oksijeni kwa chuma, na ya pweza na kaa kwa shaba, wengi walidhani vanadi nayo ina kazi hiyo hiyo. Dhana nzuri, lakini ushahidi umeikataa: mbeba oksijeni sharti aishike kisha aiachie, na vanadi hii haifanyi hivyo. Imefungiwa katika vijifuko ndani ya seli, penye asidi kali kama ya ndimu.

Basi huenda ni uchafu wa bahari tu? Hesabu inakataa. Tani nzima ya maji ya bahari ina vanadi miligramu 2 hivi, ilhali katika seli za jamaa mmoja wa Phallusia, Ascidia gemmata, wataalamu wa Japani walipima kiwango kinachozidi hicho takriban mara milioni 10. Mrundikano wa namna hiyo hauji kwa bahati mbaya. Mnyama ana protini maalumu, vanabini, za kuipokea metali hiyo, ilhali spishi nyingine za wanyama wa aina hii huwa nayo kidogo mno. Kwamba vanadi inamkinga mnyama dhidi ya samaki ni wazo la kuvutia, ila hao walio nayo kidogo nao wanaishi, kwa hiyo mimi siliafiki bado.

Somo hili, kwamba metali iliyomo damuni si lazima iwe uchafu, linamhusu mla chaza pia, kwani seli za damu za chaza huhifadhi zinki na shaba. Atakayesema hoja yangu inawapa nafuu wachafuzi amekosea. Risasi na kadimi hazina faida yoyote kwa mlaji, na chaza wa maji machafu huzikusanya vilevile. Ndiyo maana ripoti isemayo tu “chaza wana metali” haitoshi: iseme metali gani, kiasi gani, na chaza wa spishi hiyo katika maji safi wana kiasi gani. Jikoni hakuna dawa ya metali hizo, kwa sababu moto huua vijidudu lakini hauteketezi metali.