Nyota za Waborana na Sayari ya Majua Mawili

Mfugaji wa Kiborana wa Merti au Garba Tulla, huko Isiolo, Kenya, akitaka tarehe kwa hesabu ya mababu, hatazami jua. Anatazama mwezi na nyota zilizo jirani nao, au anamwendea ayyaantu, mtaalamu wa hesabu hiyo kwa Waborana. Siku zao zina majina 27, yanayozunguka bila kusubiri mwezi uandame.

Mbona 27? Leo usiku mwezi ukipakana na kundi la nyota la Kilimia, ambalo Waborana huliita Busan, kesho saa ileile utakuwa umesogea mashariki ngumi moja na kitu ya mkono ulionyooshwa. Kwa mwendo huo utarudi kwenye Kilimia baada ya siku 27 na saa chache. Lakini muda huo jua nalo limesogea, na mwezi unalifukuza. Hauandami mpaka zitimie siku 29 na nusu hivi. Kwa hiyo kila mwezi mpya huanza majina mawili au matatu mbele ya ule uliopita. Miezi 12 ni siku 354, sawa na mwaka wa Hijria ambao Waborana wengi wa Isiolo wanaufuata pia. Ramadhani inaruhusiwa kuhama kutoka kiangazi hadi masika. Anayefuata nyota hana ruhusa hiyo: kila mwaka kuna pengo la siku 11 la kuzibwa kwa macho.

Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliieleza kalenda hiyo katika kitabu chake cha 1973. Mwezi mwandamo, aliandika, hukutana na nyota tofauti mwezi baada ya mwezi. Mwanafizikia wa nyota kutoka Marekani, Laurance Doyle, akakwama hapo. Nyota za kalenda hiyo zimesongamana mno, na nyingine ziko mbali na njia ya mwezi. Mwaka 1986 akapendekeza kwamba kinacholinganishwa ni mahali mwezi na nyota huchomoza kwenye upeo wa macho. Kwa kuwa mhimili wa Dunia huyumba kama pia, mahali hapo huhama karne kwa karne, na hesabu yake ilikaa sawa takriban mwaka 300 kabla ya Kristo.

Tarehe hiyohiyo wanaakiolojia Lynch na Robbins walikuwa wamezipa, mwaka 1978, nguzo 19 za mawe za Namoratunga karibu na Kalokol, Turkana, wakidai zimeelekezwa kwenye nyota za Waborana. Kwangu mimi, ilikaa sawa kupita kiasi. Mwanaakiolojia Robert Soper alikuwa amekwisha kuonya kwamba mawe yale yana sumaku, na dira hudanganyika. Clive Ruggles, mtaalamu wa elimu ya nyota za watu wa kale, naye akaipinga kalenda ya Doyle mwaka 1987. Hata mahali mwezi unapochomoza hubadilika katika mzunguko wa miaka 18.6, kwa hiyo anayetegemea upeo wa macho ana kazi.

Doyle hakuacha kuwinda mizunguko inayokutana. Mwaka 2011 aliongoza timu iliyotangaza Kepler-16b, sayari ya kwanza kuthibitishwa ikizunguka majua mawili kwa pamoja. Majua hayo huzungukana kwa siku 41, yakipatwana. Darubini ya Kepler iliona nuru ikipungua tena, nje ya zamu zao, na kwa vipindi visivyolingana. Sababu ni ileile ya siku 27 na 29: kila mara sayari iliporudi, jua ililokuwa ikipita mbele yake lilikuwa limehama. Mwaka wa sayari hiyo ni siku 229. Ni kubwa kama Zohali, baridi kupindukia, na haina pa kulishia hata mbuzi mmoja.