Rafu ya Meko katika Nyumba ya Kanombe

Kanombe, tarafa ya Wilaya ya Kicukiro inayofahamika zaidi kwa uwanja wa ndege wa Kigali, iko kwenye mwinuko wa mita 1,490 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi wa nyuzi 15 au 16 ambao hudai blanketi lakini haudai moto, tofauti na Musanze iliyo chini ya volkano za Virunga. Kwa hiyo meko ya ukutani, yaani tundu la moto lililojengwa ndani ya ukuta wa sebule na kuunganishwa na dohani ya kutolea moshi, huku hutakiwa kwa pambo na mazungumzo kuliko kwa joto, na ndiyo sababu mwenye nyumba huanza kwa kuchagua rafu itakayokaa juu yake kabla hajaamua tundu lenyewe litakuwa na ukubwa gani na litawashwa kwa kitu gani. Huko ni kuanzia kileleni.

Rafu ya meko ni ubao au bamba la jiwe linalolala juu ya kinywa cha meko, na likiunganishwa na nguzo zake mbili za pembeni huwa fremu kamili. Huko Ulaya ilikotoka, ilianza kama kofia iliyojitokeza ukutani ili kuudaka moshi na kuuelekeza juu, na dohani zilipoboreshwa kofia ikakosa kazi, ikabaki mahali pa kuwekea saa na picha. Uchaga uliotundikwa juu ya mafiga katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ulikuwa na nia iliyo kinyume kabisa, kwa kuwa wenyewe uliutaka moshi huo ukaushe mahindi na kufukuza wadudu.

Suala zito ni umbali kati ya moto na mbao. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani hukataza kitu chochote kinachoweza kuungua kuwa ndani ya sentimita 15 kutoka kinywa cha meko, na kuanzia hapo hadi sentimita 30 huruhusu mbao ijitokeze kwa thumni tu, yaani sehemu moja ya nane ya umbali wake kutoka kwenye kinywa hicho. Rafu ya libuyu, mbao ngumu ya Kongo inayopendwa na maseremala wa Kigali, ikipachikwa sentimita 20 juu ya kinywa inaruhusiwa kujitokeza sentimita mbili na nusu, upana usiotosha hata kusimamisha kikombe. Mwenye kuitaka yenye upana wa sentimita 18 hana budi kuipandisha ivuke sentimita 30. Vanishi haibadilishi hesabu hiyo, kwani nayo huungua.

Jiwe halina masharti hayo, ila lina uzito. Bamba la graniti, ambayo huchimbwa Nyagatare, likiwa na urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita nne, hukaribia kilo 32, mzigo ambao haufai kuachiwa gundi ya vigae peke yake, hasa katika nchi iliyo kandokando ya Bonde la Ufa ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Mabano ya chuma yaingizwe ukutani wakati ukuta unajengwa. Amakoro, yaani mawe meusi ya volkano ya upande wa Musanze, yana uzuri usiohitaji rangi, lakini vitundu vyake hushika masizi na kufuta vumbi lake ni adhabu. Jasi ni rahisi na huchongeka kwa urembo wowote, ingawa karibu na moto wa kuni hupasuka mapema.

Juu ya rafu wengi hutundika imigongo, sanaa ya mistari na pembe iliyotokea Gisaka, mashariki mwa nchi, inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu juu ya ubao kisha ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Weupe wake ndio wa kwanza kuchafuliwa na masizi, kwa hiyo hustahili ukuta wa meko yasiyowashwa au ukuta mwingine kabisa. Runinga pia haipendi joto linalopanda hapo.

Yapo hatimaye meko ya kuigiza, yenye rafu na fremu lakini yasiyo na dohani, ambayo kwa hali ya hewa ya Kanombe si uamuzi wa kuchekwa. Hatari yake ni kishawishi cha kuweka ndani yake imbabura, jiko la mkaa, usiku wa mvua, ilhali mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua waliolala. Meko ya namna hiyo yawekewe maua au taa, na imbabura ibaki nje.