Chumvi ya Maji katika Tangi la Samaki wa Baharini

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Mbele ya pwani ya Afrika Mashariki kiasi hicho hukaa karibu na hapohapo mwaka mzima. Bahari ya Shamu hufikia 40 upande wa kaskazini, kwa kuwa jua ni kali na hakuna mito ya maana inayoingia humo, na kwenye midomo ya Rufiji na Tana chumvi hushuka sana mito inapofurika. Viumbe wa miamba ya matumbawe, ambao ndio hupendwa zaidi na wafugaji wa samaki wa mapambo, hawaishi midomoni mwa mito. Wamezoea maji ambayo chumvi yake haichezi. Tangi la kioo la lita 200 lililoko sebuleni, likiachwa wiki moja au mbili bila kuangaliwa, chumvi yake inaweza kupanda kupita mabadiliko ya mwaka mzima katika bahari wazi.

Samaki wa baharini huishi majini na bado mwili wake hukaukiwa. Chumvi iliyomo katika damu yake ni kama theluthi moja tu ya ile iliyo nje, na maji huvutwa kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Hivyo hupoteza maji usiku na mchana, hasa kupitia matamvua. Ili kufidia, hunywa maji ya bahari, kisha seli maalumu za matamvua husukuma nje chumvi ya ziada, na figo hutoa mkojo kidogo sana. Kazi hiyo hula nguvu. Chumvi ya tangi ikipanda, samaki hutumia nguvu zaidi kubaki hai, na kinga yake dhidi ya maradhi hupungua.

Matumbawe, jongoo bahari na viti vya pweza hawana hata uwezo huo. Majimaji ya miilini mwao hulingana na maji yanayowazunguka, kwa hiyo kila badiliko la nje huingia moja kwa moja ndani. Kiti cha pweza aliyehamishwa haraka kutoka maji ya chumvi kidogo kwenda ya chumvi nyingi huweza kuonekana mzima kabisa siku ile, kisha akaanza kuoza na kukatika mikono baada ya siku kadhaa, wakati ambapo mwenye tangi hakumbuki tena alivyomwingiza.

Mara nyingi kinachobadilisha chumvi ya tangi ni maji, wala si chumvi yenyewe. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi yote hubaki. Tangi la lita 200 lenye gramu 35 kwa lita lina kilo 7 za chumvi. Zikipotea lita 20, kilo zilezile 7 sasa zimo katika lita 180, na kila lita ina karibu gramu 39. Feni inayopuliza juu ya maji, ambayo ni msaada mkubwa dhidi ya joto la Mombasa au Dar es Salaam, huharakisha upotevu huo. Kwa hiyo pengo lililoachwa na mvuke hujazwa kwa maji matamu, yasiyo na chumvi kabisa. Kulijaza kwa maji ya chumvi ni kosa linalowapata wengi wanaoanza: kila ndoo huongeza chumvi juu ya ile ambayo haikuondoka, na baada ya miezi michache tangi huwa limekolea kupita bahari yoyote ambayo samaki wale waliwahi kuijua.

Kuongeza maji kidogo kila siku ni bora kuliko kumwaga ndoo nzima mwishoni mwa wiki. Kipande cha utepe kilichobandikwa kwenye kioo usawa wa maji hutosha kuonyesha kilichopungua. Tangi lenye hodhi dogo la chini linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu pampu huendelea kulijaza tangi la juu na maji ya huko hayaonekani kushuka. Upungufu wote hujitokeza kwenye hodhi, na alama iwekwe huko. Wenye uwezo hufunga boya linalofungua maji yenyewe. Hicho ni kifaa chema, ilimradi pipa linalolilisha lisiwe kubwa mno, maana boya likikwama wazi, pipa zima huishia kwenye tangi.

Maji hayo ya kuongezea yawe safi kweli. Yanafaa yaliyokenekwa au yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja kwa utando. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, na madini yake hubaki tangini kila maji yanapotoka kama mvuke. Maji ya bomba yana klorini, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba, ambayo ni sumu kali kwa kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo.

Chumvi hupimwa kwa njia kuu tatu. Haidromita hutazama uzito wa maji yakilinganishwa na maji matamu: maji ya bahari ya gramu 35, katika nyuzi 25 za Selsiasi, husomeka karibu 1.026. Ni ya bei nafuu, lakini ile yenye mshale wa plastiki hudanganya kirahisi, kwani kiputo kimoja cha hewa kilichong'ang'ania mshale huuinua, na chumvi iliyogandia juu yake huushusha. Inapaswa kusuuzwa kwa maji matamu kila baada ya kutumika. Refraktomita ni imara zaidi. Matone mawili au matatu hudondoshwa juu ya kioo chake, kifuniko hulazwa taratibu pasibaki povu, na baada ya nusu dakika mtu hutazama tunduni akielekeza mbele penye mwanga. Mahali rangi ya buluu inapokutana na nyeupe ndipo penye jibu. Kabla ya hapo irekebishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Kuirekebisha kwa maji matamu peke yake huweza kuacha kosa hukohuko juu ambako usahihi unahitajika. Njia ya tatu ni mita ya umeme, inayopima jinsi maji yanavyopitisha mkondo, na kwa maji ya bahari ya nyuzi 25 husoma takriban milisimensi 53 kwa sentimita.

Tangi lenye matumbawe hutunzwa kwenye 35, au 1.025 hadi 1.026. Samaki peke yao huvumilia hata 1.021. Tofauti ndogo kati ya tangi na tangi haina madhara. Mpando na mshuko wa kila wiki ndio unaodhuru.

Maji mapya hutengenezwa kwa chumvi ya akwariamu. Ya jikoni haifai, kwa kuwa imekosa magnesi, kalisi na madini mengine yaliyomo baharini. Maji hutangulia chomboni, chumvi hufuata kidogokidogo pampu ikikoroga, karibu gramu 36 kwa kila lita, na hupimwa baada ya kuyeyuka yote. Chumvi kavu haimwagwi kamwe kwenye tangi lenye viumbe. Aliye karibu na pwani anaweza kuteka maji ya bahari yenyewe, wakati maji yamejaa, mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito, na si baada ya mvua kubwa.

Tangi lililokolea hurekebishwa kwa kutoa maji yake na kuweka maji matamu mahali pake. Katika lita 200 zilizofika 38, ni lita 16 za kubadilisha ili kurudi 35, zikigawanywa kwa siku kadhaa. Likipungukiwa chumvi, jambo linalotokea pale mashine ya povu inapotoa maji mengi au matone yanaporuka na kuganda ukingoni, basi kwa siku chache pengo la mvuke hujazwa kwa maji ya chumvi, kipimo kisipande zaidi ya 0.001 kwa siku. Viumbe huumizwa zaidi na kupandishiwa chumvi kuliko kushushiwa. Hilo ni muhimu wakati wa kununua, maana baadhi ya wauzaji huweka samaki kwenye maji ya 1.019 au chini yake ili kuzuia vimelea. Maji ya mfukoni hupimwa kwanza, na mgeni hudondoshewa maji ya tangi kwa mpira mwembamba mpaka vipimo vilingane.